Chupa Nyuma ya Picha ya Bikira

Nereo hakatai: siku ile mjinga alikuwa yeye, tena mbele ya meza nzima ya domino.

Meza hiyo hukaa kila Jumamosi nje ya duka la Chepo, na mtemi wake alikuwa Fidelina, mke wa Nereo. Fidelina akibamiza kete, vikombe vya kahawa vilikuwa vinaruka. Jumamosi ile aliiweka kete yake taratibu, kama mtu anayeweka yai. Wachezaji wakatazamana. Kwamba saratani ya titi ilikuwa imehamia mgongoni, walijua. Lakini Fidelina kuweka kete kimya? Hata wiki aliyotoka kupasuliwa hakufanya hivyo.

"Shemeji, unambembeleza nani?" Chepo akamtania. "Hiyo ni sita-mbili, si mtoto mchanga."

"Bembeleza domo lako," alijibu Fidelina, ila jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Hapo pikipiki ya Yudelka ikasimama. Yudelka ndiye nesi anayewazungukia wagonjwa majumbani. Alisikia ile kete isiyolia, akakunja uso.

"Mama, dawa ya saa nane umekunywa?"

"Mume wangu hunipa nikizidiwa. Anasema ndivyo ulivyoagiza."

Yudelka akamgeukia Nereo. "Mzee, nilisema kwa saa, maumivu yawepo yasiwepo. Ukingoja yapande, dawa inayakimbiza tu, haiyafikii. Chupa iko wapi?"

"Iko salama."

"Salama wapi?"

"Sebuleni, nyuma ya picha ya Bikira."

Meza ikacheka. Nereo akavua kofia, akaivaa tena.

"Nyinyi chekeni. Ile ni mofini, na mofini wanapewa wanaoaga dunia. Marehemu Tavo alianzishiwa Jumatatu, Alhamisi tukawa tunapanga viti vya matanga."

"Tavo aliletewa akiwa ameshakwisha," Yudelka akasema. "Kilichomuua ni saratani. Chupa ilimkuta njiani."

"Na mke wangu akiizoea, akawa mlevi wa dawa?"

"Kwa kipimo ninachompa hawi mlevi. Anakuwa mchezaji wa domino."

Chepo alikohoa kuficha kicheko. Nereo, alipoona anafungwa kila upande, akaitoa kete aliyokuwa ameificha.

"Haya, niseme. Nilimwekea Bikira nadhiri. Nilimwambia, mponye Fidelina wangu, naye atakutolea maumivu yake. Atayavumilia mpaka Januari, sikukuu yako kwenye kanisa lako la hija kule Higüey."

Kicheko kikakatika. Mtaani pale nadhiri haichezewi. Chepo mwenyewe alivaa shati la gunia mwaka mzima kwa ajili ya figo yake. Ya mofini Yudelka alikuwa na majibu yake. Ya Bikira hakufundishwa chuoni.

Fidelina mwenyewe alikuwa anaisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Aligeuka polepole, kwa kuushika mgongo.

"Atakayetoa maumivu ni nani?"

"Wewe."

"Uliniuliza?"

"Ulikuwa umelala. Sikutaka kukuamsha."

"Na wewe jino lilipokuuma ukaamsha mtaa mzima mpaka mbwa wakaitikia, yale ulimtolea nani?"

Nereo akazipanga upya kete zake.

"Jino ni jino," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, maana kilichomtisha hakikuwa Bikira, kilikuwa kile kitanda kubaki na mto mmoja. "Lakini nadhiri ni nadhiri, mke wangu. Bikira ameahidiwa maumivu, lazima ayapate."

"Na ayapate," akasema Fidelina. "Magoti unayo mawili. Anza kutambaa kwenda Higüey, na ukipita sebuleni niletee chupa yangu."