Mguu wa Mzee Mfaume

Dakta Wenceslaus alianza kunichukiza tangu aliposema tundu la kupasulia litakuwa dogo, inchi moja na nusu, akilionyesha kwa vidole huku akitabasamu. Ilikuwa mwaka 1974, na hospitalini kwetu Tabora hakuna aliyewahi kufungua mgongo wa mtu kwa tundu dogo vile. Alitaka awe wa kwanza.

Mgonjwa alikuwa Mzee Mfaume, fundi cherehani wa mtaa wa Cheyo, aliyeshona nusu ya mashati ya kijani ya TANU mjini. Gegedu la kiunoni lilikuwa limechomoka na kubana mshipa wa fahamu wa mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Hakupewa dawa ya usingizi. Alichomwa ganzi pale penye tundu tu, ili mshipa ukiguswa aseme mwenyewe. Mimi, muuguzi, niliketi kwenye kigoda, nimemshika nyayo chini ya shuka. Mashine ya kupima mishipa hatukuwa nayo. Tulikuwa na mdomo wa mzee na viganja vyangu.

"Mzee, hujambo huko?" Dakta akauliza.

"Sijambo, mwanangu. Salama kabisa."

Sasa mzee wa Tabora ukimjulia hali atakujibu nini? Hata maiti ikiwa ndani, kwanza ni salama, habari ya msiba inafuata baadaye. Dakta alizaliwa Bukene hapo, mkoa huohuo, alilijua hilo. Ila jibu lilimfaa.

Kidole gumba cha mguu wake wa kulia, kilichokuwa kikinisukuma kiganja, kikalegea.

"Dakta, mguu wa kulia umelegea."

"Hali, mzee?"

"Alhamdulillahi."

"Umemsikia, Mwanahawa," akasema, akaendelea kuchokonoa.

Nami nikaendelea kushika nyayo. Chuki ilinipanda, na nusu yake nilijichukia mwenyewe. Aliuliza tena, akajibiwa salama tena. Ndipo nikashindwa, nikapaza sauti bila adabu.

"Baba, acha salamu! Mguu wako wa kulia uko wapi?"

Mzee akafikiri kidogo. "Kwani hamjaukata? Nimeona siusikii, nikajua mmeshautoa. Sikutaka kumsumbua daktari kazini."

Chuma cha Dakta kikatoka mgongoni. Kilikuwa kimechelewa.

Wiki ya tatu mzee aliruhusiwa, na fimbo, unyayo ukiburuzika sakafuni. Mkewe, Bi Zamda, alikuja na jogoo kumshukuru daktari kwa kutomkata mguu mumewe. Dakta Wenceslaus alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akaniagiza nimtafutie kamba ya kumfungia.

Nikamtafutia.