Mkunga Mwenye Uso wa Binti

"Binti, hebu niitie mkubwa wako," alisema mama mkwe wa mzazi niliyekuja kumzalisha, amejibandika kwenye mlango wa chumba cha kujifungulia kama komeo.

"Mkubwa ni mimi, mama."

Alinitazama toka utosini hadi kwenye raba, akasonya. Kisha akamgeukia mwanafunzi wangu, msichana mnene wa miaka ishirini na minne, mwenye miwani na sauti nzito. "Daktari, afadhali wewe mtu mzima. Tusaidie."

Mwaka ule nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, watoto watatu, na miaka kumi na tisa kwenye ukunga. Sura tu ndiyo iliyogoma kunifuata. Nilishachoka kuulizwa siri. Maji mengi? Usingizi? Shangazi yangu alikuwa na jibu lake: "Wewe huna mawazo." Alilirudia hata juma nililomzika mume wangu, mbele ya waombolezaji, eti huzuni yenyewe hainikai usoni. Ukweli ni kwamba mama yangu alikuwa vivyo hivyo, na mama yake pia, na mimi maisha yangu yote nimefanya kazi kivulini. Jibu hilo halimridhishi mtu.

Basi nilimpita yule mama, mwanafunzi nyuma yangu, nikaubamiza mlango.

Mkwewe alikuwa kitandani: mashavu yamebonyea, mikunjo pembeni mwa macho, viganja vimejaa sugu. Nikamkadiria miaka thelathini na minane, uzazi wa nne au wa tano. Kadi yake sikuifungua. Hasira ilikuwa imenitangulia.

"Haya mama, sukuma. Usijifanye mgeni."

Akasukuma kwa koo badala ya tumbo, akalia. Nikamgombeza. Akajaribu tena, vibaya zaidi. Saa nzima ikapita hivyo, na nilipomsikiliza mtoto, mapigo yake yalikuwa yameanza kushuka.

"Kwani umeshazaa wangapi wewe?" nikafoka.

"Sijazaa," alisema, akihema. "Mimi ni mgeni kweli, dada."

Mwanafunzi wangu aliichukua kadi mezani, akasoma kwa sauti ya chini. Mimba ya kwanza. Umri, miaka ishirini na mmoja.

 Nikainama karibu na sikio lake. "Nisamehe, mdogo wangu. Tuanze upya. Kidevu kifuani, mdomo ufunge, sukuma kama unakwenda chooni. Usione aibu."

Katikati ya uchungu nikamuuliza kazi yake, nimtulize.

"Kuponda kokoto. Tangu nina miaka kumi. Juani."

Mtoto alitoka na kitovu kimemzunguka shingo mara mbili, rangi imemtoka. Nikakizungusha, nikamsafisha puani, nikamsugua mgongo. Kimya. Nikamsugua tena, mwanafunzi wangu amebana pumzi kando yangu. Ndipo akalia, kilio chembamba chenye mikwaruzo, na sote tukapumua.

Mama mkwe akaingia mbio, akamkamata mwanafunzi wangu mikono yote miwili. "Mungu akubariki, daktari!"

"Ni yeye, mama," alisema mwanafunzi, akinionyesha. "Mimi bado nasoma kwake."

Mama mkwe akaniangalia upya, kwa muda mrefu. Nikajiandaa kuombwa radhi. Akasogea, akaninong'oneza: "Kwani mwenzetu unapaka nini?"

Nilitamani kupiga yowe. Nikamwacha hapo, nikaenda kwa mzazi.

"Nilikukosea sana," nikamwambia.

"Nimezoea," alisema bila kinyongo. "Watu wazima wananiamkia shikamoo. Nikichoka kueleza, naitikia marahaba."

Alicheka kidogo, akashika tumbo kwa maumivu. Kisha akaifunua khanga kifuani, mtoto akaonekana: paji la uso limekunjamana, kope zimevimba, midomo imebinuka kama ya ajuza aliyeudhiwa.

"Dada, eti anafanana na nani?"

Nikamtazama yule kichanga.

"Bado mapema," nikasema.