Sufuria Iliyoita Perege

Mwaka ule wa uhaba na foleni za madukani, hata dagaa walipatikana kwa bahati. Filomena aliposikia mama mkwe wake atashuka jioni kutoka Masasi, alikimbilia jikoni. Ndani kulikuwa na unga na chumvi, kitoweo hakuna.

Akapinda pini ya khanga ikawa ndoana, akasokota nyuzi alizozifumua kwenye gunia, akafungia kipande cha gunzi kiwe cha kuelea. Kisha akabeba sufuria yenye ukoko wa ugali, akashuka kwenye bwawa la Mtoni, pale pale anapooshea vyombo kila siku.

Jirani yake Albano alikuwapo tangu asubuhi na mshipi wake wa nailoni wa dukani, hajapata hata samaki mmoja.

"Shemeji, umekuja kuvua au kuosha vyombo?"

"Vyote, shemeji."

Akaanza kusugua sufuria kwa mchanga, kwaru, kwaru.

"Aka! Utawafukuza samaki!"

Filomena alisugua tu. Perege wa pale walishaizoea sauti ile, maana kila wakiisikia hula makombo yake. Maji yakaanza kuchezacheza. Akachomeka ukoko kwenye pini, akatupa, na gunzi likazama. Akatoa perege mpana kama kiganja, akatoa wa pili, hadi wakatimia sita.

Albano akaja mbio. "Shemeji, niazime hiyo sufuria!"

"Ngoja kwanza nimpikie mkwe."

Jioni mama mkwe alinyonya kichwa cha perege mpaka mfupa ukang'aa.

"Mwanangu, samaki hawa wanauzwa wapi?"

"Hawauzwi, mama," Filomena akacheka. "Nawaita, wanakuja."