Baba Yupo

Mke wangu Wegesa alikufa Alhamisi, tukamzika Jumamosi, na binti yetu Rhobi tukamficha habari kwa miezi minne na nusu. Alikuwa China akisomea udaktari. Aliyeamua afichwe ni mimi. Wengine walichangia maneno, lakini mdomo uliosema uongo ulikuwa wangu, kwa hiyo sitafuti wa kugawana naye.

Mimi niliacha shule darasa la tano, nikafuata ng'ombe. Hapa Nyanungu hilo halikuwa ajabu. Wegesa alifika la saba na hakuacha kunikumbusha. Rhobi alipopata ufadhili wa kwenda kusoma nje, ni yeye aliyempigania. Mimi nilisitasita. Nilikuwa nimesikia habari za watoto waliokwenda huko wasirudi, na wengine waliorudi wakiwa wageni, mtu anakupa mkono huku anaangalia saa. Nilimwambia Wegesa kwamba mtoto akivuka bahari hatakuwa wetu tena.

Akanijibu, "Wewe unaogopa atatusahau. Mimi naogopa atabaki hapa atukumbuke bure."

Nikauza ng'ombe kwa ajili ya nauli, na mtoto akaenda.

Nisiwe mnafiki: mema ya safari ile niliyaona mapema. Mwaka wa tatu, kaka yangu Ryoba alikuwa na jicho linalomwasha, analiosha kwa maji ya chumvi. Rhobi alimwona kwenye simu, akamwuliza maswali manne, akamwambia aende hospitali siku ileile wala asingoje mnada upite. Alikwenda. Daktari wa huko alisema angechelewa wiki moja jicho lingekufa. Ryoba alitembea kijiji kizima akisema ana daktari China anayempima bila kumgusa. Hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi.

Kila Jumapili saa nane mchana, kwake ikiwa saa moja jioni, Rhobi alipiga simu. Tulipanda kwenye jiwe lililo nyuma ya zizi, mahali mtandao unaposhika, tukiwa na simu ya Nice, binti yetu mdogo. Tulizungumza Kikurya. Na hapa asiye wa kwetu lazima nimweleze jambo moja. Kwa Kikurya, baba mzazi huitwa tata, na mama ndiye huitwa baba. Watu wa pwani wakilisikia hilo hucheka mpaka wakae chini. Basi Rhobi alipopiga simu, swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo miaka yote: "Baba yupo?" Na Wegesa angeninyang'anya simu.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Wegesa alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka kulamba magadi. Usiku alitoka nje mara tano, mara sita. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono ya kushika jembe, lakini ndani ya wiki mbili gauni lake la kanisani likawa linamning'inia. Tulikwenda duka la dawa, tukapewa dawa ya malaria. Tukarudi, tukapewa ya taifodi. Mwenye duka alisema mgonjwa hana nguvu, apewe vitu vitamu. Wegesa mwenyewe alitamani kitu baridi na kitamu. Nikaagiza kreti nzima ya soda, ikaja kwa pikipiki. Nilimfungulia mwenyewe, chupa baada ya chupa. Nilijiona mume.

Jumapili tatu zilipita akiwa mgonjwa. Ya kwanza alijipaka mafuta usoni na kuvaa sweta juu ya sweta ili asionekane amekonda. Rhobi akauliza kama amepungua, naye akasema ni kulima. Ya pili alizungumza ameketi. Ya tatu alimwambia Nice azime picha, aseme mtandao ni mbaya, akatoa sauti tu. Walipomaliza nilimwambia tumweleze mtoto ukweli. Akanishika mkono. Pumzi yake ilinukia ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Ukimwambia atapanda ndege," alisema. "Akipanda ndege akaacha mtihani, nitakuwa nimeugua bure."

Mtihani wa mwisho ulikuwa umebaki miezi minne. Nikakubali.

Siku ya ishirini na tatu hakuamka vizuri. Tulitafuta gari. Alifia njiani, kabla hatujafika lami.

Baada ya kuzika, ukoo uliketi. Wengi waliona Rhobi aitwe. Ryoba, mwenye jicho lake zima, alisema, "Mtihani hausubiri. Kaburi linasubiri." Maneno yalinikaa vizuri kwa sababu yalifanana na ya marehemu. Nikasema asiambiwe mpaka arudi. Nice akauliza, "Na mimi nikimwambia?" Nilimwangalia, akainamisha kichwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mama yake alikuwa na siku moja kaburini.

Kwetu mkifiwa mnanyolewa. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza tulipanda jiweni, mimi nimevaa kofia ya sufu juani, Nice amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Simu ikaita. Uso wa Rhobi ukatokea, umechoka, una furaha.

"Baba yupo?" akauliza.

Sijui nilipata wapi lile jibu. Nilimjibu kwa Kiswahili: "Baba yupo, si unamwona hapa?"

Akacheka sana. Alisema, Tata siku hizi una utani, na hiyo kofia ndiyo mtindo mpya? Nikasema upara umenianza. Halafu akauliza tena, kwa namna ambayo sikuweza kuigeuza, mama yuko wapi. Nikasema yuko msibani.

"Msiba wa nani?"

"Wa jirani."

Kisha akasema, "Mpe pole mwenye msiba. Mwambie Rhobi anampa pole."

"Nitampa," nikasema.

Simu ilipokatika Nice alishuka mbio. Mimi nilibaki pale juu ya jiwe, nikajipa pole.

Tangu siku ile nilizungumza na mwanangu kwa Kiswahili. Kikurya nilikiogopa. Kikurya ndicho nilichomlilia nacho mke wangu, ndicho nilichozaliwa ndani yake, na kila nilipojaribu kudanganya kwacho sauti ilikatika. Kiswahili nilifundishwa na mwalimu mwenye fimbo. Ni kama shati la kuazima, unaweza kujificha ndani yake bila aibu kubwa. Rhobi alidhani naringa mbele za watu kwamba nina mtoto ng'ambo. Alinitania, naye akaniachia. Kila aliposema "Baba yupo?" nilijibu "Baba yupo," na kwa Kiswahili sikuwa nimedanganya. Kisha ningetafuta mahali pa kumweka mama yake: shambani, kanisani, mnadani. Mwishoni nilimpeleka Natta kwa mdogo wake aliyejifungua, mahali nilipodai hakuna mtandao. Nilimweka huko wiki saba. Rhobi alisema mtoto wa mama mdogo huyo lazima ni mnene, anavyolelewa.

Alifaulu. Alinitumia picha amevaa joho, na chini yake aliandika kwamba hii ni ya Baba. Nilijua ni yupi.

Tulikwenda kumpokea kituo cha mabasi Tarime, mimi na Ryoba, kwa gari la kukodi. Nywele zangu zilikuwa zimeota. Alishuka na mizigo miwili na mfuko mkubwa wa nailoni. Akanikumbatia, akaniita Tata, akauliza kama mama amerudi kutoka Natta. Ryoba alijifanya anafunga mizigo. Nilisema twende nyumbani. Mchungaji na wazee walikuwa wanangoja huko. Mpango ulikuwa wao waseme, mimi niwe nimekaa kando. Njiani alifungua ule mfuko akanionyesha koti zito la baridi, kwa asubuhi zetu za huku. Alisema amechukua saizi kubwa kabisa, maana Baba hapendi nguo ya kumbana. Koti lile lingemzunguka Wegesa wa siku za mwisho mara mbili.

Mpango wetu ulikuwa wa kijinga. Kaburi liko kando ya nyumba, na saruji ilikuwa bado nyeupe. Anayekuja kwa gari huliona kabla hajaona mlango.

"Simamisheni," alisema.

Alishuka, akaenda, akasoma jina. Hakupiga kelele. Wanawake waliotoka ndani wakilia aliwanyoshea kiganja, wakanyamaza. Nikamfuata. Alikuwa amelishika koti kifuani. Aliuliza tangu lini, nikamwambia. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili kilekile nilichokuwa nikimpa.

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Malaria," nikasema. "Na kuishiwa nguvu."

"Alikuwa na kiu?"

"Sana."

"Usiku alitoka mara nyingi?"

"Ndiyo."

"Alikonda."

"Ndiyo."

"Pumzi yake ilinukaje?"

Nikamwambia, ndizi mbivu. Pale ndipo alipofumba macho. Akauliza swali la mwisho, polepole, kama mtu anayejua jibu na anaomba lisiwe lenyewe.

"Mkampa nini?"

"Soda," nikasema. "Kila siku. Aliipenda."

Aliketi chini palepale, juu ya udongo. Alinieleza bila hasira kwamba ilikuwa sukari, kwamba kipimo chake ni tone la damu kidoleni, kwamba hospitali angewekewa maji na dawa na huenda angerudi nyumbani baada ya siku chache. Alisema walifundishwa hilo mwaka wa tatu.

"Mlinisomesha niwasaidie," alisema, "halafu mkanificha mgonjwa."

Nilimnyoshea mkono, akainuka mwenyewe.

Jioni aliomba wembe. Sisi sote nywele zilikuwa zimeota tena. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado hajanyolewa msiba. Nice alimnyoa uani. Alipomaliza, Nice naye akafungua kitambaa, akaketi mahali pa dada yake. Kisha nikaketi mimi. Mchungaji alinong'ona kwamba msiba haunyolewi mara mbili. Rhobi akaendelea kunyoa.

Sasa Rhobi ni daktari hapahapa wilayani. Watu wanamjia kutoka Genkuru, kutoka Natta, kutoka ng'ambo ya mpaka. Mtu akitaja kiu tu, kidole kinatobolewa. Jirani yetu Joel aliletwa mwezi uliopita amekonda vilevile, pumzi inanukia vilevile, na sasa yuko shambani kwake anapalilia mahindi. Wanaponiambia nina bahati ya mtoto, nasema ndiyo. Wegesa alikuwa sahihi kuhusu kumpeleka. Nami nilikosea hata niliposita: nilihofu nchi ya watu itamfanya mgeni, kumbe ningemfanya mimi, kutoka kwenye jiwe langu.

Jumapili huja nyumbani saa nane. Huniletea chumvi na majani ya chai, hunipima kidole, huniambia namba. Hana kinyongo. Ana heshima zote. Huniita Mzee, kwa Kiswahili.

Basi hesabu yake ni hii. Jumapili tatu mke wangu alikuwa hai, mgonjwa, na daktari yuko kwenye simu. Jumapili kumi na tisa baada ya hapo nilisema Baba yupo. Rhobi amezihesabu kwenye simu yake, nami sikubisha. Neno "tata" nililisikia mara ya mwisho kituo cha mabasi Tarime. Koti ni moja, halijavaliwa. Kreti ya soda ina chupa ishirini na nne. Alikunywa kumi na saba. Saba ziko chini ya kitanda, hazijafunguliwa.