Siku Tisa za Mtoto N.

Binti yangu Nynke alipofikisha mwaka mmoja na nusu nilianza kuandika kila anachosema. Sikutumwa na mtu. Asubuhi nilikuwa nafua mashuka ya hoteli, Jumanne na Alhamisi jioni nasoma isimu chuoni Groningen pamoja na wenzangu tuliochelewa kusoma, na katikati ya hapo nilikuwa na mtoto na daftari. Niliandika sentensi, saa, alichokuwa anakitazama, na kama amekula mkate wake au amelamba chokoleti ya juu tu. Siku asiyosema kitu kipya niliandika tarehe, nikaacha mstari mtupu.

Mistari hiyo mitupu ndiyo iliyonionyesha jambo. Kila Nynke alipokaribia kuvukia aina mpya ya sentensi, kwanza alinyamaza. Siku mbili, mara nyingine tatu. Anacheza, anakula, anacheka, ila maneno ameyafungia. Halafu asubuhi moja anaamka na sentensi ndefu kuliko zote, kana kwamba alikuwa anaishona huko ndani. Watafiti hawakuliona hilo kwa sababu wao humrekodi mtoto saa moja kila baada ya wiki mbili, na akikaa kimya, rekodi ile huandikwa "haifai" ikatupwa. Anayeshinda na mtoto ni mama, na mama haulizwi.

Nilimwonyesha Profesa Ruurd Wiarda, aliyetufundisha siku za Alhamisi. Alifungua daftari la tatu akiwa amevaa mkono mmoja wa koti, akasahau kuvaa wa pili.

"Wietske, haya umeyafanya peke yako?"

"Na Nynke, Profesa."

"Niite Ruurd tu. Hebu niazime yote saba, wiki moja."

Akanipa fomu ya kutia sahihi, ileile wanayopewa wazazi wote: jina la mtoto halitatajwa popote, wala la mzazi wake. Nikatia sahihi kwa furaha. Nilijua inamlinda mwanangu.

Aliporudisha madaftari alinishauri niandike kurasa mbili kwa ajili ya kongamano la Juni, lile linalowakutanisha watu wa sarufi na watu wa sayansi ya akili. "Pale majina yanafichwa," alisema. "Wanaozisoma kurasa hawajui wewe ni nani. Kazi inajisemea yenyewe." Na mwanafunzi wa jioni aliyewahi kusoma mada pale huruhusiwa kuingia darasa la utafiti, la mchana. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Nikose vyote, nipate hicho.

Nikaandika Nynke akilala mchana. Sheria ilikataza neno lolote la kumtambulisha mwandishi, basi nikafuta "binti yangu" kila mahali nikaweka "mtoto". Ilinichoma kidogo, kama kumkana.

Jibu likaja Aprili. Msomaji wa kwanza alinisifu. Wa pili aliandika: "Haya tumekwisha kuyasikia kwa Wiarda, katika mhadhara wake wa Utrecht mwezi uliopita. Mwandishi hamtaji hata mara moja. Ni vigumu kuamini kwamba amepitiwa tu." Kurasa zangu zikakataliwa.

Nilikuwa nimesimama kati ya mashine mbili za kufulia. Geeske, mwenzangu wa kufua na wa masomo ya jioni, akaninyang'anya simu akasoma.

"Wamekuita mwizi, shoga."

"Wa kitu changu mwenyewe."

"Huyo si ndiye mwizi hodari? Anavunja mlango wa kwake." Alicheka, kisha akaniona uso, akaacha. "Nenda kamwulize huyo Ruurd-tu wako."

Nikaenda. Profesa hakukana lolote, na hapo ndipo aliponiuma. Alinimiminia kahawa, akanipa biskuti moja, akafunga kopo.

"Utrecht nilisema wazi kwamba ni madaftari ya mama mmoja."

"Mama yupi?"

"Wietske, ulitia sahihi. Nikikutaja wewe nimemtaja mtoto."

"Basi waandikie waandaaji kwamba zile kurasa mbili ni zangu."

"Nivunje siri ya usomaji?" Alinitazama kwa huruma, tena huruma ya kweli. "Haifanyiki hivyo, dada yangu. Mwakani jaribu tena, ila unitaje."

Juni ikafika. Sisi wa jioni ndio tuliogawa vitambulisho vya shingoni mlangoni, ujira wetu kuingia bure. Changu nilikiandika mwenyewe kwa herufi kubwa: WIETSKE HOEKEMA. Profesa Wiarda alikuwa mzungumzaji mwalikwa, na kurasa za mwalikwa hazipitiwi na msomaji yeyote.

Alizungumza vizuri, sisemi uongo. Ukutani pakatokea maneno "Mtoto N.", na chini yake mistari yangu mitupu imegeuzwa nguzo za buluu. Fupi, fupi, fupi, kisha moja ndefu kama mnara wa kanisa.

"Novemba," akasema, "mtoto N. ananyamaza siku tisa. Tisa! Na anapofungua tena kinywa, anatoa sentensi zilizobeba sentensi nyingine tumboni. Ukimya huu mkuu ndio moyo wa hoja yangu."

Ukumbi ukaguna kwa raha. Siku tisa zile nilikuwa nimelazwa hospitali na nimonia, na Nynke alikuwa Dokkum kwa mama yangu, mwanamke asiyefunga domo hata akipiga mswaki. Nilipotoka nikaandika zile tarehe tisa, na kando ya kila moja nikatia msalaba mdogo wa penseli, maana yake sikuwepo. Profesa aliyatoa kopi madaftari yangu, penseli ikafifia isitokee. Kwenye kurasa zangu mbili siku hizo hazikuwemo kabisa. Angeniuliza ningemjibu kwa pumzi moja.

Nikakaa nazipima. Nguzo fupi zilikuwa kweli, tena kweli yangu. Nikiiangusha ile ndefu, pengine watazitupa zote. Nikinyamaza, uongo utamkaa mwanangu mgongoni vitabuni miaka na miaka.

Maswali yalipofunguliwa nikainua mkono. Mwenyekiti wa kikao, mama mwembamba mwenye saa mkononi, akaagiza niletewe kipaza sauti.

"Jina lako na chuo, tafadhali."

Ndiyo desturi yao, hakuna anayeuliza bila jina.

"Wietske Hoekema, masomo ya jioni, hapa hapa. Profesa, siku zile tisa mtoto hakunyamaza. Alikuwa kwa bibi yake, anapiga soga. Aliyenyamaza ni mwandishi, alikuwa mgonjwa. Madaftari yana misalaba ya penseli."

Wawili watatu wakacheka. Wiarda akaitazama nguzo yake ndefu, akanitazama mimi, wekundu ukimpanda shingoni.

"Samahani," mzee mmoja wa mbele akageuka, "wewe umeyajuaje hayo?"

"Kwa sababu mimi ndiye..."

"Hapana, hapana!" Mwenyekiti alisimama. "Tafadhali. Siri ya mtoto lazima ilindwe." Akatazama saa. "Na muda umekwisha. Hayo tutayaendeleza kwenye kahawa."

Kipaza sauti kikaondoka mkononi mwangu.

Kwenye kahawa hakuna aliyeyaendeleza. Walinipita na vikombe vyao, wakisoma kitambulisho changu kisha wakitazama kando. Mwisho Profesa akaja.

"Ungeniambia pembeni, Wietske."

"Ungeniuliza pembeni, Ruurd."

Makala yake ilichapishwa majira ya baridi. Nguzo ndefu haimo. Chini ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, anamshukuru "msikilizaji mmoja kwa masahihisho yenye manufaa". Nguzo fupi zimesimama, na jina juu yake ni la Wiarda. Darasa la mchana limeanza bila mimi.

Lakini nimenunua daftari la nane. Nynke alinitazama nikiandika jina langu kamili juu ya kila ukurasa, akauliza mbona naandika kitu kimoja tu. Nikamwambia watu wengine ni wagumu kushika. Kurasa mbili nitazipeleka tena Juni, na fomu safari hii nitaisoma kabla ya kutia sahihi.

Tangu Jumatatu mwanangu hajasema kitu kipya. Anapanga vifungo dirishani, anajiimbia bila maneno. Nimeandika tarehe, kwa wino, nasubiri.