Fremu Kumi na Tano za Hewa

Hyasinta aliichora ramani ile mara nne kabla ya kuridhika nayo. Kiwanja kilikuwa cha Bi Moza, mjane wa miaka sitini na saba, aliyezaliwa palepale, mtaa wa pili kutoka Barabara ya Msimbazi, katika nyumba ya chini yenye ua katikati. Nyumba ilikuwa inavunjwa ili lisimame ghorofa la maduka. Bi Moza alikuwa na ardhi bila fedha. Fedha zilikuwa za Heriel, muuza vyombo vya plastiki. Walikubaliana kama wengi wanavyokubaliana Kariakoo: Heriel ajenge, avune kodi miaka kumi na tano, kisha jengo limrudie mwenye kiwanja.

Kwa Hyasinta, msanifu majengo, hii ilikuwa kazi ya kwanza ambayo hakuwa na bosi wa kumwangalia begani. Akaamua ule ua usife. Aliacha uwazi katikati ya jengo, kutoka chini mpaka paani, ili joto lipande lijiendee zake na upepo uvutwe ndani. Upande wa magharibi, ambako jua la alasiri halina huruma, alichora ukuta wa matofali ya matundu badala ya vioo. Alivyopima, maduka yangekaa bila kiyoyozi sehemu kubwa ya mwaka.

Heriel aliitandaza ramani juu ya rundo la mabeseni dukani kwake.

"Injinia, hili tundu ni la nini?"

"Mimi ni msanifu, kaka Heriel. Hapo ndipo jengo linapopumulia."

"Limekula fremu tatu za maduka kila ghorofa. Maghorofa ya maduka ni matano." Akamtazama. "Dada, umenitupia fremu kumi na tano hewani."

"Lakini wapangaji watatumia nusu tu ya umeme."

"Umeme wananunua wenyewe, kila fremu na mita yake ya LUKU. Wakiokoa wao, mimi napata nini?"

Hyasinta alikuwa na majibu mengi kuhusu joto na zege. Akatafuta la fedha.

"Watakubali kodi ya juu kidogo kwa duka lenye ubaridi," alisema.

"Nani? Niletee hata watano walioweka sahihi, nitakusikiliza."

Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba Heriel amemaanisha. Siku mbili alizunguka na karatasi ya sahihi, duka kwa duka, akisukumwa na wapagazi na kujibiwa na watu waliokuwa wanahesabu mizigo. Saa nane mchana ya siku ya pili aliingia kwa Kuruthumu, muuza vitenge katika ghorofa la vioo lililotazamana na kiwanja. Umeme ulikuwa umekatika. Kuruthumu alikuwa amekaa mlangoni akijipepea kwa kipande cha boksi, kanga imemganda mgongoni.

"Ukiwepo umeme unanimaliza, usipokuwepo napikwa," alisema. "Hiki kioo nakilaani kila siku."

Moyo wa Hyasinta ukaruka. Akamweleza yote, uwazi, matundu, upepo. Kuruthumu alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kupendezwa kweli.

"Zuri sana," alisema.

"Kwa hiyo utaongeza kodi kidogo, shoga?" Hyasinta aliuliza.

"Aa, hapana! Mkataba wangu wa mwaka mmoja. Mwakani mwenye nyumba akinitoa, huo ubaridi nitaondoka nao mkobani?" Akaisukuma karatasi taratibu. "Na vioo wateja wanavipenda. Duka lisilo na kioo wanadhani ni stoo."

Karatasi ilirudi nyeupe.

Alibaki na Bi Moza, aliyehamia kwa dada yake Ilala mpaka jengo liishe. Huyu ndiye angelirithi jengo, Hyasinta alijiambia; huyu lazima angejali.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta. Heriel amenipigia."

"Amesemaje?"

"Tundu likibaki, anataka miaka ishirini na mbili, si kumi na tano." Bi Moza alizungumza polepole, hakuwa na hasira. "Mimi nina sitini na saba. Nani ananihakikishia hata hiyo kumi na tano? Wanangu wanasubiri. Nimekulia kwenye ule ua, usidhani siuonei uchungu. Ila ghorofa ya juu nitakaa mwenyewe. Hiyo iache kama ulivyoichora. Nimeshamwambia Heriel."

Hyasinta alitoka pale akitamani apate mtu wa kumgombeza. Hakumpata. Kila mmoja alikuwa amemweleza jambo la maana, na mambo yote ya maana yakijumlishwa yalizaa tanuri.

Kuufuta ule uwazi kwenye maghorofa ya maduka kulichukua dakika tatu. Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika. Alibonyeza ndiyo, kisha akakaa akikitazama kioo mpaka kikazima.

Jengo lilikamilika baada ya miezi kumi na sita. Vioo vya bluu mbele, viyoyozi vimepangana nyuma vikiwadondoshea maji wapita njia. Fremu zilijaa kabla rangi haijakauka. Heriel alimpandisha Hyasinta ngazi, akimwonyesha kazi kwa fahari, jasho likimtoka. Walipofika kwa Bi Moza, ghorofa ya juu, Heriel alisimama ghafla. Upepo ulikuwa unapita kwenye matofali ya matundu, unavuka kiuwazi kidogo kilichobaki chini ya paa, unatokea upande wa pili. Hakukuwa na feni hata moja iliyowashwa.

"Huku mbona kuna ubaridi hivi?"

Hyasinta alimtazama. "Ndiyo ile ramani, kaka Heriel. Ile uliyoikataa."

"Sasa mbona hukunieleza vizuri?"

Bi Moza alikuwa anawaletea maji ya kunywa; Hyasinta akageuka kumpokea.

Heriel alizunguka chumba akigusa kuta. "Sikiliza. Nina kiwanja Goba, najenga nyumba ya familia. Nichoree hivihivi. Uwazi katikati, matundu, kila kitu."

"Na lile ghorofa lako la mtaa wa Gerezani unaloanza mwezi ujao?"

"Lile la biashara." Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Umeme wa nyumbani nalipa mwenyewe."

Hyasinta alitoa daftari, akamuuliza kiwanja cha Goba kinatazama wapi. Aliandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.