Kinga ya Kitanda cha Nne

Katika makao yetu ya wazee, anayejua siri za watu si mkurugenzi wala muuguzi. Ni mimi, dobi. Shuka zitaniambia nani alitoka jasho la homa, nani alikula biskuti chini ya blanketi, na nani alilia kisha akageuza mto upande wa pili ili asijulikane. Kwa hiyo nikisema kwamba wataalamu walikuja na mashine yao ya kisasa wakapima kinga ya vitanda, naomba mniamini. Nilikuwepo, na beseni mkononi.

Chumba cha wanawake kina vitanda sita na dirisha moja. Dirisha liko kwenye kitanda cha kwanza na linatazama lango la shule ya msingi, ng'ambo ya barabara. Ukikaa hapo unaona watoto wakichelewa, walimu wakichelewa kuliko watoto, na muuza maandazi asiyechelewa hata siku moja. Ukilala kitanda cha sita unaona mlango wa choo. Zamani waligombana sana, mpaka bibi mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu, ambaye mpaka leo tunamwita Mwalimu, akapanga ratiba. Kila Ijumaa nikibadilisha shuka, kila mmoja anasogea kitanda kimoja kuelekea dirishani. Aliyekuwa dirishani anarudi mkiani, kitanda cha sita. Wiki moja ya dunia, wiki tano za kuisubiri. Hakuna aliyelalamika tena, na chumba chenye wanawake sita wasiolalamika nadhani ndicho wataalamu wangepaswa kukipima.

Kirusi kilipoingia nchini, mkurugenzi wetu, tunayemwita Madamu, alipiga marufuku mizunguko. Kila mtu abaki kitandani kwake. Akabandika ukutani picha ya kitanda chenye kufuli jekundu. Mabibi waliisoma, wakaisifia rangi, na Ijumaa wakahama kama kawaida, maana Ijumaa saa nne Madamu huwa na kikao na mlango wake hufungwa. Muuguzi alijua. Yeye huwapa dawa kwa sura wala hahitaji namba, kwa hiyo alikuwa akigeuka kupanga vidonge mpaka tumalize.

Madamu ndiye aliyehitaji namba. Amekaa nasi miaka miwili, na miaka yote miwili watu wamevaa barakoa, basi kwake mabibi wote ni nywele nyeupe juu na kitambaa cha bluu chini. Aliwaita "kitanda cha pili", "kitanda cha tano". Alisema ni kwa ajili ya kulinda usiri wao. Ungedhani ni majasusi.

Mmoja tu ndiye Madamu aliyemtambua, na hakumtambua kwa sura. Huyo ni Bibi Redio. Sauti yake inaanza kabla hajafungua mdomo. Habari za jirani, bei ya vitunguu, mjukuu wa fulani kaoa nani, vyote vinatoka hapo bila matangazo ya biashara. Madamu aliwahi kuandika barua ya malalamiko dhidi ya sauti hiyo, akajipelekea mwenyewe, maana yeye ndiye mkubwa.

Mume wa Bibi Redio yuko bweni la wanaume, mwisho wa korido. Kati yao kuna mlango wa bati ambao ulikuwa umefungwa miezi mitano, tangu wimbi la mwisho, kwa amri ya Madamu. Mzee kumbukumbu zinamtoka. Kila wiki muuguzi alileta taarifa: kasahau jina la muuguzi, kasahau jina la mwana wao mkubwa. Wiki ile aliuliza kama yeye aliwahi kuoa.

Bibi Redio alinyamaza siku nzima. Tulidhani betri zimeisha. Jioni aliniita nikiwa nakusanya taulo, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mlango ule ukikawia kufunguliwa, nitaingia kama mgeni."

Nilikunja taulo ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Basi Jumatano wakaja watafiti, vijana wasafi wenye viatu vya plastiki. Walitaka kujua wazee wa makao kama yetu wamebakiwa na kinga kiasi gani baada ya kuugua na kuchanjwa. Madamu alifurahi kama anayepigwa picha ya harusi. Akatangaza kwamba mwenye kinga ya juu atapewa kadi, na kila Jumanne atavuka mlango wa bati kwa saa moja. Majina marufuku, usiri. Kwenye kila kichupa cha damu waliandika namba ya kitanda.

Siku ile Bibi Redio alikuwa kitanda cha nne.

Ijumaa nikabadilisha shuka. Mabibi wakasogea. Hakuna aliyefikiri, hata mimi ninayejisifia akili hapa. Tulihama na vikombe vyetu, miwani yetu na tasbihi zetu, damu tukaiacha nyuma.

Jumatatu Madamu alisimama katikati ya chumba na karatasi. Kitanda cha nne, kinga ya juu kabisa, watafiti wameshangaa. Vingine vyote, hafifu. Akatundika kadi ya kijani kwenye kitanda cha nne, na aliyekuwa amekaa juu yake, akijipaka rangi ya midomo chini ya barakoa, alikuwa Bibi Harusi.

Bibi Harusi tunamwita hivyo kwa sababu amezika waume watatu na hajakata tamaa. Hajaugua kirusi hata siku moja, na siku ya chanjo ya pili alijifungia chooni mpaka gari la wauguzi likaondoka. Ng'ambo ya mlango hana ndugu wala jamaa. Ana wanaume kumi na wanane asiowajua. Alipoiona kadi alianza kuchagua mtandio.

Bibi Redio, kitanda cha tatu sasa, alimwomba Madamu damu yake ipimwe tena. Madamu akamjibu kwamba watafiti watarudi baada ya miezi mitatu, na mashine haikosei. Ni kweli, mashine haikukosea. Ilipima vizuri sana.

Madamu alipotoka, mimi ndiye niliyegundua, na nilijua kwa kazi yangu. Wimbi la kwanza Bibi Redio aliugua kuliko wote. Wiki tatu nilichemsha shuka zake peke yake, kwenye pipa lake. Kisha akachanjwa mara zote bila kukosa. Kama kuna mtu wa kuwashangaza watafiti ni yeye. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu Ijumaa, nikakaa chini juu ya mfuko wa nguo chafu.

Nikawaeleza. Tukienda kusema ukweli, Madamu atafuta kadi, atapigilia vitanda misumari, na mimi nitarudi nyumbani na beseni langu. Tukinyamaza, Bibi Harusi ataingia bweni la wanaume na kinga ya kifaranga.

"Siogopi kufa," akasema Bibi Harusi.

"Hukuulizwa wewe," Mwalimu akamjibu. "Wale kumi na wanane je, ukiwapelekea kitu?"

Mwalimu ndiye aliyesema la kufanya, na alilisema akiwa ameegemea dirisha. Kila mtu arudi kitanda alicholalia Jumatano. Hapo karatasi yote inakuwa kweli tupu, bila kumdanganya mtu. Na tusihame tena mpaka watafiti warudi, miezi mitatu.

Wote walielewa maana yake. Mwalimu alikuwa na siku tatu tu dirishani. Alisubiri wiki tano alione lango la shule aliyofundisha miaka ishirini na sita, na sasa arudi kitanda cha pili. Dirisha lingebaki kwa aliyekuwa nalo Jumatano, bibi mmoja mpole sana anayelala kutwa akiwa ameelekea ukutani. Ukimpa dirisha ni kama kumpa kiziwi simu.

Bibi Redio akasema hapana, hawezi kumchukulia mwenzake dirisha. Mwalimu akamwambia asijisumbue na uungwana asiouzoea. Kisha akataja masharti. "Kitanda cha mumeo kiko dirishani, upande uleule wa shule. Kila Jumanne uniletee taarifa kamili. Nani kachelewa, lango limefungwa saa ngapi. Bila kuongeza chumvi."

Bila kuongeza chumvi. Nilimwona Bibi Redio akimeza mate. Alikubali.

Tukahama Jumatatu ileile, Madamu akila chakula cha mchana. Bibi Harusi aliiacha kadi kwa uchungu, akaibusu kwanza, rangi ya midomo ikabaki juu yake.

Lililobaki lilikuwa dogo kwa mtu mwingine na kubwa kwa Bibi Redio: asiseme neno. Madamu hajui sura, lakini sauti ile anaijua, na jana yake ndiyo iliyomsumbua kutoka kitanda cha tatu. Kutoka kitandani mpaka mlango wa bati ni hatua arobaini. Tangu nimjue hajawahi kutembea hatua nne kimya.

Jumanne saa moja asubuhi Madamu akafika, akasoma namba, akaiona kadi, akamwona mtu mwenye nywele nyeupe na kitambaa cha bluu. Akauliza kama ana homa. Kichwa kikatikisika. Kikohozi? Kikatikisika. Nilitembea nyuma na mfuko wa mashuka, nikiyaona mabega yake yanavyopanda na kushuka kama sufuria yenye mfuniko.

Mlangoni, ufunguo ukiwa tayari tunduni, Madamu akageuka. Alitaka maneno mawili ya kuandika kwenye ripoti yake. Anajisikiaje, mtu wa kwanza kuvuka?

Bibi Redio akamtazama. Macho yakamjaa maji, yakamwagika mpaka kwenye barakoa, na hakutoa sauti yoyote.

Madamu akaandika, nilichungulia: "Amefurahi sana, hana la kusema." Akafungua mlango.

Nilimfuata na mashuka yangu, maana kazi ni kazi. Mzee alikuwa amekaa dirishani, shati limefungwa vifungo upandeupande. Bibi Redio akasimama mbele yake, akashusha barakoa kidogo tu, akaipandisha tena. Hakuthubutu kumwuliza chochote. Mimi nilishika foronya moja kwa muda mrefu kuliko foronya inavyohitaji.

Mzee akamwangalia juu mpaka chini.

"Ulisema unakwenda kuanua nguo," akamwambia. "Zilikuwa ngapi?"

Miezi mitano. Kwake haikufika hata mchana mmoja. Bibi Redio akakaa, akaanza kumfungua vifungo na kumfunga upya, na hapo ndipo sauti ikarudi. Akamwambia nguo zilikuwa nyingi, na jirani naye alimkuta kwenye kamba akamshika kwa maneno, unamjua alivyo. Mzee akaitikia kwa kichwa. Alimjua.

Saa moja baadaye Bibi Redio alirudi chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda cha nne. Kutoka kitanda cha pili Mwalimu alikuwa ameshika daftari.

"Waliochelewa?"

"Kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na kiatu kimoja, na nasikia mama yake…"

"Nimesema bila chumvi."

"Kumi na mmoja," akarudia Bibi Redio. "Sikuangalia vizuri, Mwalimu. Wiki ijayo nitaangalia."

Mwalimu akaandika kumi na mmoja, akapiga mstari chini yake. Dirishani, yule bibi mpole alikuwa anakoroma, ameelekea ukutani.